Kakamega miaka ya tisini: mwanamume ndiye aliyeigiza mama, hadi siku mama mkwe wake alipokuja kutazama

Hamjambo wakuu, na hamjambo pia nyinyi dada zangu mnaosoma kimya kimya bila kuchangia. Leo naongea na nyinyi zaidi.

Juzi humu kulikuwa na mabishano marefu kuhusu wachekeshaji wanaume wanaovaa magauni. Wengine wakasema ni sanaa tu, wengine wakasema ni kutudharau wanawake. Nilisoma kurasa zote nikaona kila mtu anaongea kama mtu aliyelipa kiingilio akaketi. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia.

Nitayaeleza yalivyokuwa. Majina nimebadilisha. Mengine yote ni ya kweli, pamoja na yale yanayoniaibisha mimi mwenyewe, maana bila hayo uzi huu hauna kazi.

Mimi ni Mluhya wa Kakamega. Kiswahili kikiteleza, mkinyanyue tuendelee.

Ilikuwa miaka ya tisini, hapo katikati. Nilikuwa nimemaliza form four, niko nyumbani, nalisha kuku wa mama na kungoja kitu ambacho hata sikukijua.

Mjini kulikuwa na kikundi cha maigizo. Mazoezi yalikuwa kwenye social hall Jumanne na Alhamisi, na Jumamosi mchana wanacheza, hapo mjini au popote walipoalikwa. Runinga zilikuwa za kuhesabu. Mtu akisikia kuna comedy Khayega, alikuwa anapanda baiskeli kutoka Isecheno na kurudi.

Mwenye kikundi alikuwa Mwalimu Ainea, mwalimu wa primary, mtu mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake. Aliandika michezo, akatuelekeza, na akaigiza baba.

Nyota alikuwa Jafeth. Siku za kazi alikuwa fundi wa redio. Jumamosi alikuwa Mama Nafula.

Ngoja niwaeleze Mama Nafula, kwa ambao hamkubahatika. Jafeth alikuwa anajifunga vipande vya godoro matakoni na kifuani kwa kamba ya katani, juu yake gauni la maua, leso kiunoni, kitambaa kichwani. Alikaribisha wageni kwa "karibuni mkure" na "kuku iko tayali", Kiswahili cha mama wa kijijini, lakini amekikoleza. Kabla hajamaliza sentensi ya kwanza watu walikuwa wamelala kwenye viti.

Mchezo uliopendwa kuliko yote uliitwa Firigisi. Kwetu mgeni wa maana anachinjiwa ingokho, yaani kuku, na firigisi ni ya mwanamume mkubwa aliyepo mezani. Zamani wanawake hawakula kuku kabisa. Kufikia wakati wetu walikuwa wanakula, lakini firigisi ilikuwa bado ina mwenyewe.

Basi Mama Nafula anapika, anaonja chumvi, anaonja tena, mwisho anajificha pembeni na kuimeza firigisi. Mgeni anafika. Baba anafunua sufuria, anatafuta, haipo. Anashika mwiko na kumkimbiza mama jukwaa zima akimtwanga matakoni, vumbi la godoro linaruka. Pazia linafungwa.

Niwe mkweli, niliupenda mchezo ule. Nilicheka mpaka mbavu zikauma kama kila mtu. Ndiyo sababu nilikwenda kumwomba Mwalimu aniingize kwenye kikundi, na nilimwambia wazi nataka kuigiza mama.

"Mama ni Jafeth," akaniambia. "Mwanamke akichekesha watu hawachekangi. Wanaanza kuulizana huyu ni wa nani."

Kulikuwa na wasichana wawili tayari. Kazi yao ilikuwa kupiga magoti, kunawisha wageni mikono na kuimba mwishoni. Mimi nikapewa kigoda nyuma ya pazia na daftari la mchezo. Mwigizaji akisahau, namnong'oneza.

Sasa mtu ukikalishwa mahali ambapo humwoni mtazamaji, unabaki na masikio. Na mimi tangu utotoni nina ugonjwa wa kutaka kujua.

Watu wetu wakiingia ukumbini wanakaa kama kanisani, hata kama hakuna aliyewaambia. Akina mama kushoto, akina baba kulia. Kwa hivyo kicheko kikitoka, nilijua kimetoka wapi. Nikaanza kuweka alama za penseli pembeni mwa daftari: hapa wamecheka kulia, hapa kushoto, hapa kote.

Mwiko ukianza kutwanga, kicheko kilianzia kulia. Kushoto walicheka pia, lakini walichelewa kidogo, kama watu wanaotazama kwanza wenzao wanafanya nini.

Halafu kulikuwa na pale pa kuonja chumvi. Kulia kimya kabisa. Kushoto kulikuwa na kicheko kifupi cha puani, cha mtu anayejua jambo na hataki kusema. Jafeth alipita hapo mbio kila mara. Hakukisikia, alikuwa na haraka ya kufika kwenye mwiko.

Nilikaa na hilo wiki nyingi. Niliona kama kuna mchezo mwingine umefichwa ndani ya ule mchezo, na hakuna anayeucheza.

Sasa sehemu yangu ya aibu.

Alhamisi moja Jafeth alikuja mazoezini na mwendo mpya. Mguu wa kulia unazunguka nje, unachelewa, halafu nyonga inashuka ghafla. Ukichanganya na lile godoro, hakuna aliyebaki amesimama. Mwalimu alifuta machozi.

Mimi niliandika daftarini: "Mwendo mpya. Safi sana." Nikaweka tiki mbili. Tena nikamshauri aupunguze kasi, nyonga ikishuka angoje kidogo, watu wamalize kucheka ndipo apige hatua nyingine. Alinishukuru. Alisema nina jicho.

Sikumuuliza ameutoa wapi. Hakuna aliyemuuliza.

Mwendo huo ulienda mjini wote. Watoto wa sokoni waliuiga. Mtu akikosea hatua kidogo barabarani, anaitwa Mama Nafula.

Likizo moja binamu yangu Violet alikuja nyumbani. Alikuwa chuo kikuu, anasoma fasihi, na alikuwa na tabia ya kufungua vitu vya watu. Akalikuta daftari langu na zile alama za penseli. Nilidhani atanicheka.

Hakucheka. Aliniambia ninachofanya ndicho watu wanakisomea, kwamba hiyo ni black feminism.

Nikamuuliza hiyo black ni ya nini, na hapa Kakamega sote ni weusi mpaka chifu. Hapo ndipo alicheka.

Akanipa karatasi alizotoa photocopy, maandishi ya mwanamke mweusi wa Amerika. Kiingereza chake kilikuwa kigumu, nilikitafuna kwa siku nne. Lakini nilichokielewa kilinishika. Kumbe hata kule jukwaani kulikuwa na mama mnene mweusi wa jikoni, mdomo hauna breki, na mara nyingi ndani ya sketi ni mwanamume aliyejijaza matambara. Yule mwandishi alikuwa anauliza mwili ule ni wa nani hasa. Violet akanieleza kwamba mwanamke mweusi wa kule anachekwa mara mbili, kwa rangi yake na kwa uanamke wake, na wanaomcheka kwa sababu zote mbili hawamfahamu.

Nikarudi kwa Mama Nafula wangu nikaanza kuhesabu. Wanaume wanamcheka kwa sababu ni mwanamke. Watu wa mjini wanamcheka kwa sababu ni wa kijijini na ulimi wake si wa shule. Wenye nacho wanamcheka kwa sababu ana njaa ya kipande cha nyama. Nikaona kwamba ukumbini kila mtu ana sababu yake ya kumcheka, isipokuwa yeye mwenyewe, na yeye mwenyewe hayupo. Aliyepo ni Jafeth.

Nikamrudia Mwalimu. Nikamwambia nipe Mama Nafula mara moja tu, hata kama ni mazoezini.

Alinitazama kuanzia juu hadi chini. "Wewe huna hata mahali pa kupiga," akasema, na wenzangu wakaanguka kicheko.

Nilicheka nao. Mtu afanyeje. Lakini nilipofika nyumbani nililia kwa hasira, kwa sababu nilijua maneno yote ya mchezo ule, ya Jafeth na ya baba na ya mgeni, nilikuwa nayasema nikichota maji. Na nyumbani baba yangu alikuwa amenipa mpaka Januari. Kama hadi hapo bado ni msichana wa kukaa nyuma ya pazia, niende kwa shangazi nikajifunze cherehani.

Nimetoka kidogo kugeuza chapati, samahani. Naona mtu ameshauliza kama hii ni hekaya. Ndugu, hekaya ingekuwa na mwisho wa kunipendeza mimi. Soma tu.

Novemba tulipata mwaliko. Kikundi cha akina mama upande wa Khayega kilikuwa kimefungua posho mill yao wenyewe, mashine ya kusaga mahindi, na walitaka burudani siku ya sherehe. Barua ilisainiwa na katibu wao. Walitaka Firigisi, waliutaja kwa jina.

Tulicheza kwenye ukumbi wa kanisa. Ukumbi wenyewe mlango ni mmoja, uko nyuma kabisa, nyuma ya watazamaji. Upande wetu wa jukwaa kulikuwa na dirisha tu, linatazama mahali akina mama walipokuwa wanachemsha chai.

Jafeth alikuwa tayari. Godoro limefungwa, gauni limevaliwa, mashavu yamepakwa poda. Nje ya pazia katibu anashukuru Mungu, anashukuru mafundi wa mashine, halafu akasema sasa anamjulisha chairlady wao mpya, asimame wageni wamwone.

Kulikuwa na tundu kwenye pazia. Jafeth akachungulia.

Aliporudi nyuma, poda ilikuwa nyeusi kuliko uso wake.

"Ni mama mkwe," akasema. "Ameketi hapo mbele."

Kwa wasio Waluhya, hapa nielezee. Mama mkwe wako humpi mkono. Huli mbele yake. Mkikutana njiani, mmoja wenu anaingia kwenye mahindi mpaka mwingine apite. Sasa huyo mama akuone umevaa gauni, una matako ya godoro, unatwangwa na mwiko mbele ya kanisa zima? Wazee wangekaa. Kungetafutwa mnyama wa kusafisha jambo hilo, na hata baada ya mnyama, usingejua uende nyumbani kwa mkeo kwa njia gani.

Jafeth alijua nyumbani kwa mkewe ni upande huo. Lakini mama mwenyewe alikuwa mtu wa kanisa na shamba, hakuwa mtu wa michezo, na uchairlady alikuwa ameupata mwezi huo huo. Barua haikuwa na jina lake.

Mwalimu Ainea, ambaye aliwahi kumlazimisha mtu kucheza akiwa na malaria, hakubishana hata kidogo. Alifungua dirisha.

Zile kamba za katani zilikuwa na mafundo ya kufunguliwa kwa kisu, na nje wimbo wa kutukaribisha ulikuwa umeanza. Jafeth akapita dirishani vile vile alivyo, akakwama kidogo, tukamsukuma. Akina mama wa chai waliona mama mnene akianguka kutoka kanisani na kukimbilia kwenye mahindi. Baadaye tulisikia boda boda wa baiskeli alimkalisha upande, miguu pamoja, wanavyokaa akina mama, na hakushtuka mpaka alipomsikia akishukuru kwa sauti ya kiume.

Basi mama amekwenda na matako amekwenda nayo.

Mwalimu akawatazama wale wasichana wawili. Mmoja akatikisa kichwa. Akanitazama mimi.

"Maneno unayajua?"

Nilikuwa nimeshaifunga leso.

Wakuu, nataka niwe mwangalifu hapa, kwa sababu nimewahi kuisimulia siku hii nikijifanya shujaa.

Niliingia na ule mwendo. Sikuwaza. Kichwani mwangu Mama Nafula alikuwa ni ule mwendo, na nilikuwa nimeutazama kwa miezi. Mguu ukazunguka, ukachelewa, nyonga ikashuka. Kushoto na kulia wote wakacheka. Nilijisikia mkubwa kama mlima.

Kiti cha mbele, katikati, mama mmoja mrefu mwenye kitambaa cheupe hakucheka. Mikono ilikuwa mapajani. Nikajua ndiye chairlady, nikasema moyoni huyu ameokoka, hachekangi siku ya kazi wala ya sherehe.

Nikafika jikoni, nikachuchumaa kwenye mafiga. Hapo mwendo ukaisha na nikabaki na mchezo wenyewe.

Nikaonja chumvi. Kushoto nikakisikia, kile kicheko cha puani.

Nikatulia. Nikawaangalia akina mama, nikaonja tena, nikatikisa kichwa kama bado sijaridhika. Kicheko kikatoka puani kikafika mdomoni. Nikachukua kipande kidogo, nikaangalia kama kimeiva. Nikachukua kingine, maana kimoja hakiwezi kukuambia kama sufuria nzima imeiva.

"Onja tu, mama," bibi mmoja akasema kutoka kushoto. "Sisi wote tunaonjanga."

Ukumbi wa kushoto ukapasuka. Walikuwa wanapigana mabega. Kulia wanaume walikuwa wanatazamana, na niliona mzee mmoja akimgeukia mkewe upande wa pili kama mtu anayekumbuka kuku fulani wa zamani.

Kwenye daftari, mama anaimeza firigisi pembeni, amejificha, mashavu yamejaa. Mimi nilivuta kiti cha mgeni nikaketi. Nikanawa mikono. Nikala polepole. Ilikuwa kipande cha kiazi kitamu, lakini sijawahi kula kitu kitamu kama kile.

Halafu Mwalimu akaingia na mwiko.

Alifanya alivyozoea. Akafunua sufuria, akanguruma, akanikimbiza, nami nikakimbia. Akanifikia pembeni mwa jukwaa, akainua mwiko, na hapo ndipo alipoona hakuna godoro. Ni mimi, msichana wa watu, na leso moja.

Kicheko kikakatika pande zote mbili. Kulia ndiko kulikonyamaza kwanza, na hilo nimelifikiria miaka yote hii. Mwiko ni ule ule, maneno ni yale yale, na walikuwa wameucheka mara nyingi. Kilichopungua ni sponji tu.

Mwalimu alikuwa amesimama na mkono juu. Hakujua aushushe wapi. Na wa kumnong'oneza alikuwa ni mimi, nami niko hapo mbele yake.

Nikasema, "Baba Nafula, polepole. Hapo unapolenga ndipo iko firigisi ya mgeni. Ukipiga hapo, umepiga mgeni."

Kushoto wakaanza kucheka, na kulia wakafuata kama watu waliofunguliwa mlango. Mwalimu naye alikuwa mwigizaji kweli, hilo simnyimi. Akashusha mwiko, akamgeukia mgeni, akainama. "Mgeni, pole. Firigisi yako imetangulia kuingia ndani."

Pazia likafungwa hapo.

Mwalimu akaniambia Jumamosi ijayo nicheze tena. Nikasema moyoni Mungu ni mkubwa, amemleta mama mkwe wa watu ili mimi nipate nafasi. Niliona ni bahati tu.

Kwenye chai chairlady alikuja nilipokuwa. Aliitwa Mama Berita. Alikaa kwenye benchi karibu nami, akanisukumia sahani ya viazi.

"Ulipoketi kwa kiti cha mgeni, hapo ulifanya vizuri," akasema. "Mwanzo haukuwa vizuri."

Nikamuuliza mwanzo upi.

"Ule mwendo. Ule ni mwendo wa mtoto wangu, Rodah."

Rodah ndiye mke wa Jafeth. Nilikuwa nimemwona mara moja tu, ameketi.

Mama Berita alieleza bila kupandisha sauti. Watoto wa sokoni wanamwitanga Rodah Mama Nafula. Mwanzoni alicheka nao. Halafu akaanza kwenda sokoni asubuhi sana kabla hawajaamka. Siku hizi haendi kabisa, anatuma jirani amletee chumvi. Wala hakumwambia mumewe, kwa sababu kila Jumamosi mumewe alirudi na furaha.

"Mkwe wangu mimi siwezi kumkanya," akasema. "Hata kuongea naye siongeangi. Lakini kukaa kiti cha mbele hakuna mtu amewahi kunikataza."

Ndiyo, wakuu. Aliuomba ule uchairlady mwezi ule. Aliutaja mchezo kwa jina. Alimwambia katibu asaini peke yake. Desturi ile ile inayomfunga mdomo mbele ya mkwe wake, aliichukua akaketi juu yake kitini pale, ikamtoa mtu dirishani.

Nilikuwa nimesoma photocopy kwa siku nne nikajiona nimeelewa mambo. Huyu mama hakuwa amesoma chochote, na alikuwa ameutazama ule mchezo kwa kina kuliko mimi.

Sikumwambia kuhusu tiki zangu mbili. Nilikula viazi tu. Hapo nilikuwa mwoga.

Wiki hiyo sikulala vizuri. Jumatano nikaenda kwa Rodah. Walikaa nje kidogo ya mji. Jafeth alikuwa kibandani kwake mjini, na Rodah alikuwa uani anachambua mrenda, binti yao wa miaka mitatu karibu naye.

Nilimwambia yote. Daftari, tiki, na kwamba mimi ndiye niliyemshauri mumewe aupunguze kasi. Nilitegemea anifukuze.

Aliendelea kuchambua mboga. Kisha akasema, "Hebu nionyeshe."

Nikadhani sijasikia.

"Huo mwendo. Mimi sijawahi kuuona."

Nawaambia, jukwaani niliingia kama mfalme, lakini kutembea vile hatua sita pale uani kwa Rodah kulikaribia kunishinda. Nilitembea hata hivyo, kwa sababu ndilo jambo pekee aliloniomba.

Alinitazama ameinamisha kichwa upande. Hakuonekana kuumia. Alikuwa na shauku, kama mtu anayesikiliza sauti yake kwenye kaseti kwa mara ya kwanza.

"Hapana," akasema. "Wewe unautupa mguu. Mimi siutupi. Unachelewa tu, mimi naungoja."

Akainuka akatembea, polepole, ili nione. Nikatembea nyuma yake. Akageuka akasema bado, nyonga ishuke baadaye. Yule mtoto naye akajiunga, anachelewesha mguu ambao haukuwa na shida yoyote. Rodah alipomwona alicheka mpaka akashika ukuta. Nikacheka na mimi, na kile kicheko sikuwahi kukiwekea alama popote, kwa sababu sikuwahi kukisikia ukumbini.

Kisha akaketi. Akaniambia mwendo huo aliupata kwa huyo mtoto. Siku mbili za uchungu wodini, na nyonga haikurudi mahali pake. Jafeth alikuwa nje ya wodi siku zote mbili, analia waziwazi, mpaka manesi wakamhurumia.

"Yeye anajua umetoka wapi," akasema, na hilo peke yake ndilo lililobadilisha sauti yake.

Nikamwambia sitautumia tena kamwe. Naapa, nikasema.

Rodah akafikiri. "Tumia ukitaka," akasema. "Lakini uwaambie umetoka wapi."

Jafeth hakuvaa tena lile gauni. Hakuna aliyemkataza. Alirudi kwenye kikundi baada ya majuma kadhaa, akawa anaigiza mgeni, na alikuwa mgeni mzuri tu. Sijui yeye na Rodah waliongea nini, si yangu kujua. Najua kwamba Rodah alirudi sokoni, na mtoto aliyemwita lile jina alikemewa na akina mama wa mboga mpaka akapotea.

Mimi niliigiza Mama Nafula miaka mitatu. Cherehani sikwenda. Nilimpa mwendo wangu mwenyewe, ambao hauna maajabu, na mwiko wa baba haukuwahi kushuka tena. Watu walicheka. Baadhi ya wanaume walisema mchezo umepoa, wakaacha kuja. Nafasi zao zilijazwa na akina mama.

Somo langu, kwa wale mliobishana juzi: sioni kama tatizo lilikuwa gauni. Mwanamume avae, mwanamke avae. Mimi mwenyewe ni mwanamke, sikuwa na godoro hata uzi mmoja, na dakika ya kwanza nilimchekesha mtu juu ya maumivu ya mwanamke mwenzangu huku mama yake akinitazama. Kuwa mwanamke hakukunizuia. Nilipaswa kuuliza, na kuuliza ndiko sikufanya, mimi ninayejisifu kwa kutaka kujua kila kitu.

Tena kuna hili. Kwa miaka mingi nimejivunia kwamba sikuutumia tena mwendo wa Rodah. Niliona nimetimiza ahadi. Ni juzi, nikisoma mabishano yenu, ndipo niliposhtuka kwamba hiyo ilikuwa ahadi yangu mimi. Yeye hakuiomba. Yeye aliomba watu waambiwe.

Wengi wenu mlioishi upande ule miaka ile mliucheka mwendo ule, na huenda mliuiga shuleni. Basi ulitoka wodi ya wazazi, siku mbili za uchungu, kwa mwanamke anayependa mrenda na kucheka akiwa ameshika ukuta.

Na wewe unayesoma, kuna mtu unamwiganga watu wakicheka. Kila mmoja wetu anaye. Niandikie hapo chini umemtoa wapi. Matusi nayo nitayasoma, lakini hayo sitayajibu.